Conrad Schlumberger: Mtaalamu aliyeupa mwamba ulimi

KATIKA sehemu nyingi kame za Kenya, kabla ya mtambo wa kuchimba kisima kufikishwa shambani, hufika kwanza kundi dogo la mafundi wenye mzigo mwepesi: vyuma vinne, mabunda ya nyaya, betri na kifaa cha kupimia umeme. Vyuma hivyo hupigiliwa ardhini katika mstari mmoja ulionyooka. Mkondo wa umeme hupitishwa kwenye vile viwili vya nje, na viwili vya ndani hupima jinsi ardhi inavyoupokea. Vyuma vya nje husogezwa hatua kwa hatua, na kadiri vinavyotengana ndivyo mkondo unavyozama zaidi, hadi mtaalamu apate picha ya tabaka zilizo chini ya miguu yake bila kuchimba hata shimo la panya.

Mpangilio huo wa vyuma vinne una jina. Wataalamu wa maji huuita mpangilio wa Schlumberger. Wengi wanaolitamka jina hilo kila siku kazini hawajui kwamba ni la mtu aliyeishi, akafundisha, akapigana vita asivyovipenda, akatumia mali ya babake kwa miaka mingi bila faida, na akafa ghafla safarini kabla ya kuona kazi yake ikienea duniani kote.

Mtu huyo ni Conrad Schlumberger, mwanafizikia Mfaransa aliyezaliwa Oktoba 2, 1878 na kufariki Mei 9, 1936. Njia alizozianzisha pamoja na mdogo wake Marcel ndizo zilizozaa elimu ya kupima visima kwa ndani, elimu ambayo leo hutumiwa na wachimbaji wa mafuta, watafutaji wa maji, na wanasayansi wanaotoboa sakafu ya bahari ili kusoma historia ya dunia.

MZALIWA WA NCHI ILIYOTEKWA

Conrad alizaliwa katika mji wa Guebwiller, mkoani Alsace. Miaka saba kabla ya kuzaliwa kwake, Ufaransa ilishindwa vitani na Ujerumani, na mkoa huo ukanyakuliwa na washindi. Kwa hivyo mtoto huyo wa jamaa ya Kifaransa alikuja duniani katika ardhi iliyotawaliwa na Wajerumani.

Ukoo wake haukuwa wa kimaskini. Wazee wake walikuwa na viwanda vya nguo, na jina lao lilijulikana kote mkoani. Babake, Paul Schlumberger, alisimamia biashara ya ukoo lakini moyo wake ulivutwa zaidi na sayansi. Mamake, Marguerite de Witt, alikuwa mjukuu wa François Guizot, mwanahistoria aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa. Mama huyo hakukaa kimya nyumbani. Alikuja kuongoza chama kilichopigania haki ya wanawake wa Ufaransa kupiga kura, haki ambayo hakuishi kuiona, kwani alifariki mwaka wa 1924 na wanawake hao wakaipata mwaka wa 1944.

Ili watoto wao wakue kama Wafaransa, wazazi hao waliwapeleka wana wao Paris kusoma. Kila mmoja alishika njia yake. Jean, aliyekuwa kifungua mimba, akawa mwandishi na mmoja wa waanzilishi wa jarida mashuhuri la fasihi. Maurice aliingia katika shughuli za benki. Marcel, aliyezaliwa mwaka wa 1884, akawa mhandisi mwenye mikono ya dhahabu. Conrad naye alichagua fizikia. Alisomea katika chuo cha École Polytechnique, kisha katika chuo cha madini cha École des Mines, na mwaka wa 1907 akaanza kufundisha fizikia katika chuo hicho cha madini jijini Paris.

Mwaka wa 1904 alimuoa Louise Delpech, na Mungu akawajalia mabinti watatu: Annette, Dominique na Sylvie. Dominique ndiye aliyekuja kujulikana baadaye huko Houston, Marekani, kwa ukusanyaji wa kazi za sanaa. Annette naye, kupitia ndoa yake, alimletea babake kijana ambaye angekuja kushika nafasi kubwa katika kisa hiki.

HODHI LA KUOGEA LAGEUKA MAABARA

Kazi ya kufundisha wachimba madini ilimweka Conrad mbele ya swali moja gumu. Mhandisi wa madini hufanya kazi gizani. Anaweza kuona uso wa ardhi, lakini mali anayoitafuta iko chini, na njia pekee ya kuifikia ni kuchimba. Kila shimo ni gharama, na mashimo mengi hutoka patupu. Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, na mchimba madini wa siku hizo aliishi katika usiku huo.

Conrad alijua kwamba mawe hayapitishi umeme kwa kiwango kimoja. Mawe yenye madini ya chuma au shaba mara nyingi huupitisha kwa urahisi. Udongo wa mfinyanzi na mchanga uliojaa maji ya chumvi pia huupitisha. Kinyume chake, mwamba mkavu na mgumu huuzuia mno. Sifa hiyo ya kuuzuia umeme huitwa ukinzani. Akafikiri kwamba ikiwa umeme utatumwa ardhini na kupimwa kwa uangalifu, huenda ardhi yenyewe ikaeleza imebeba nini.

Takriban mwaka wa 1911 alianza kulijaribu wazo hilo katika chumba cha chini cha chuo alichofundisha. Alichukua hodhi la shaba la kuogea, akalijaza udongo na mchanga, akafukia ndani yake vipande vya mawe na chuma, kisha akapitisha umeme na kupima. Mwaka uliofuata alilitoa wazo hilo nje, hadi shamba la jamaa yake huko Val-Richer, mkoani Normandy. Huko alipigilia vyuma ardhini, akapitisha mkondo, na akachora ramani ya mistari inayounganisha sehemu zenye nguvu sawa ya umeme.

Siri ya ramani hiyo ni rahisi kuieleza. Ardhi ikiwa ya namna moja kote, mistari hiyo hupinda kwa mpangilio unaotabirika. Kukiwa na kitu cha ajabu chini yake, kwa mfano mwamba wenye madini, mistari huvutwa au kusukumwa kando, mfano wa maji ya mto yanapokutana na jiwe lililojificha. Mwenye macho ya kuisoma ramani hutambua kuwa pana jambo pale, ingawa jiwe lenyewe halionekani.

Hazikupita siku nyingi kabla ya njia hiyo kuzaa matunda. Mwaka wa 1914, vipimo vyake vilisaidia kugundua shaba katika eneo la Bor nchini Serbia. Lakini mwaka huohuo Ulaya ikalipuka.

VITA, KISHA AHADI YA BABA

Conrad aliitwa jeshini kama afisa wa mizinga. Vita Vikuu vya Kwanza vilimpokonya miaka minne ya utafiti, na vikamwachia chuki ya kudumu dhidi ya mauaji ya halaiki. Alikuwa mtu aliyeamini usawa wa binadamu, mwenye mwelekeo wa kisoshalisti, na baada ya kuona mizinga ikifanya kazi yake kwa karibu, imani hiyo ilizidi kukita mizizi.

Vita vilipokwisha, alikuwa na umri wa miaka 40, akiwa na wazo zuri lakini hana fedha za kuliendeleza. Hapo ndipo babake alipoingia. Mnamo Novemba 1919, mzee Paul, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alitia saini mapatano na wanawe wawili, Conrad na Marcel. Alikubali kuwapa hadi faranga 500,000 za utafiti wa kuchunguza kilicho chini ya ardhi.

Masharti ya mzee huyo yangemshangaza mfanyabiashara yeyote. Aliweka wazi kwamba katika kazi hiyo, maslahi ya sayansi yatangulie maslahi ya fedha. Hakuwadai wanawe faida ya haraka. Alichodai ni wasitawanye nguvu zao katika mambo mengi, na wamfahamishe jinsi kazi inavyokwenda. Conrad alitarajiwa kuleta fikra za fizikia, na Marcel ustadi wa kuunda vyombo na busara ya kutenda.

Mapatano hayo yalikuwa mzigo pia. Fedha zilikuwa za ukoo, na miaka ilianza kupita. Ndugu hao walifungua ofisi ndogo Paris, wakaajiri vijana wachache, wakazunguka nchi mbalimbali wakipima. Mwaka wa 1920 Conrad alichapisha kitabu cha kueleza njia yake. Mwaka wa 1923 walifanya kazi nchini Romania, wakaonyesha kwamba vipimo vya umeme vinaweza kuchora umbo la kuba la chumvi lililofichika, aina ya umbo ambalo mafuta hupenda kujikusanya kando yake. Hata hivyo, wateja walikuwa wachache na walisitasita. Wengi waliwaona kama waganga wa kuona visivyoonekana, wenye nyaya badala ya vibuyu.

Mwaka wa 1926 ndugu hao waliunda kampuni rasmi ya upimaji wa ardhi kwa umeme. Mwaka huohuo babao akaaga dunia. Fedha zake zilikuwa zimetumika, na matunda makubwa yalikuwa bado hayajaonekana.

SEPTEMBA 5, 1927

Matunda hayo yalianza kuonekana mwaka mmoja baadaye, tena katika mkoa wa Alsace alikozaliwa Conrad, ambao sasa ulikuwa umerudishwa Ufaransa. Huko Pechelbronn kulikuwa na mafuta yaliyochimbwa kwa muda mrefu. Wachimbaji wa huko walisumbuliwa na jambo moja: walipochimba visima viwili vilivyo karibu, ilikuwa vigumu kujua ni tabaka gani la kisima hiki linalolingana na tabaka gani la kile.

Njia iliyokuwepo ilikuwa kukata kipande kirefu cha mwamba ndani ya kisima na kukipandisha juu ili kikaguliwe. Kipande hicho cha mviringo wachimbaji wa Kifaransa hukiita karoti, kwa umbo lake. Lakini kuitoa karoti kulichukua muda mrefu, kulikula fedha nyingi, na mara kwa mara mwamba laini uliporomoka na kupotea njiani.

Conrad aliwaza kuwa ikiwa umeme umefaa juu ya ardhi, kwa nini usishushwe ndani ya kisima chenyewe? Kazi ya kuunda chombo alimpa mkwewe Henri Doll, mume wa Annette, kijana mhandisi mwenye umri wa miaka 25.

Doll aliunganisha mabomba ya bakeliti, akayafunga vituo vya kupitishia na kupimia umeme, na akayaning'iniza kwenye nyaya zilizozungushwa kwenye winchi iliyoendeshwa kwa mikono. Mnamo Septemba 5, 1927, yeye na wenzake walikishusha chombo hicho katika kisima kimoja cha Pechelbronn.

Kazi ilikwenda kwa subira. Chombo kilisimamishwa kila mita moja. Mkondo ukapitishwa, kipimo kikasomwa, tarakimu ikaandikwa daftarini, kisha winchi ikazungushwa tena kwa mita nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Baadaye tarakimu hizo zilipowekwa kwenye karatasi nukta baada ya nukta na kuunganishwa kwa mstari, ulitokea mchoro uliopanda na kushuka. Kila mpando na kila mshuko ulikuwa tabaka la mwamba. Mchoro wa kisima kimoja ulipolinganishwa na wa kisima jirani, mipando ileile ilionekana, na tabaka zikaweza kuunganishwa kutoka kisima hadi kisima.

Conrad aliipa njia hiyo jina la kukata karoti kwa umeme. Tofauti ni kwamba karoti hiyo haikuhitaji kupandishwa juu, wala haikuweza kuporomoka njiani.

KASORO ILIYOGEUKA HABARI

Ndani ya miaka miwili njia hiyo ilivuka bahari. Mwaka wa 1929 wahandisi wa kampuni hiyo walipima visima nchini Venezuela, katika jimbo la California nchini Marekani, na katika eneo la Grozny lililokuwa Muungano wa Kisovieti. Lakini mwaka huohuo uchumi wa dunia ulianguka. Kampuni nyingi za mafuta zilifunga mikoba yao, na kazi nchini Marekani ikasimama. Kazi ya Kisovieti ilikuwa mojawapo ya nguzo zilizoizuia kampuni hiyo ndogo isizame.

Katika kipindi hichohicho kigumu, wapimaji walikuwa wakisumbuliwa na jambo dogo. Hata kabla ya kupitisha mkondo wowote, chombo kilipokuwa kisimani kilionyesha nguvu ndogo ya umeme iliyobadilika kutoka mahali hadi mahali. Kwa muda ilichukuliwa kuwa kero ya kuondolewa ili kipimo halisi kisomeke. Mpimaji mwenye haraka angeifuta na kusahau.

Conrad na wenzake hawakuifuta tu. Waliipima yenyewe, na wakatambua kwamba haikuwa kosa la chombo. Umeme huo ulizalishwa na kisima chenyewe, pale maji ya tope la kuchimbia yalipokutana na maji ya chumvi yaliyomo mwambani. Ulionekana wazi penye mchanga unaopitisha maji, na ukatoweka penye udongo wa mfinyanzi. Kuanzia mwaka wa 1931, vipimo viwili vilianza kuandikwa pamoja: ule wa ukinzani, na huu wa umeme wa asili.

Ugunduzi huo uliziba pengo kubwa. Ukinzani peke yake ni shahidi asiyetosha. Mchanga uliojaa mafuta una ukinzani mkubwa, lakini jiwe la chokaa lililoshikamana pia ni hivyo, na mchanga wenye maji matamu nao huweza kumdanganya mpimaji. Aliyetegemea tarakimu moja aliweza kumshauri mwenye kisima atoboe mahali pasipo na kitu. Kwa kuweka shahidi wa pili kando ya wa kwanza, Conrad na wenzake waliweka msingi wa kanuni ambayo haijabadilika hadi leo: kipimo hakiaminiwi hadi kikabiliane na kingine.

SAFARI YA MWISHO

Katika miaka ya 1930 kazi ilipanuka kwa kasi. Mwaka wa 1934 tawi la Marekani lilisajiliwa kama kampuni huko Houston, Texas. Vyombo viliboreshwa, na kuandika kwa mkono kukaanza kuachia nafasi vyombo vilivyonasa mchoro kwenye filamu. Tarakimu zilizosomwa mita kwa mita zikawa mstari usiokatika.

Conrad aliendelea kusafiri. Alivutiwa na Muungano wa Kisovieti si kwa biashara pekee, bali pia kwa matumaini aliyokuwa nayo kuhusu jamii mpya iliyoahidiwa huko, matumaini waliyokuwa nayo wasomi wengi wa Ulaya wa wakati ule. Mwaka wa 1936, akirejea kutoka huko, alifika Stockholm, Uswidi. Moyo wake ukasimama. Alifariki Mei 9 mwaka huo akiwa na umri wa miaka 57.

Uongozi ulibaki mikononi mwa Marcel, aliyeuendeleza hadi kifo chake mwaka wa 1953. Kampuni waliyoianzisha ikawa mojawapo ya kubwa zaidi duniani katika huduma za visima vya mafuta, na tangu 2022 hujulikana kwa jina la SLB. Ni ajabu ya maisha kwamba mtu aliyekuwa na shaka na ubepari, na ambaye babake alitanguliza sayansi mbele ya fedha, ndiye aliyezaa utajiri wa aina hiyo. Mafuta ambayo michoro yake ilisaidia kuyapata yameendesha viwanda, yameendesha vita, na leo yanatajwa miongoni mwa sababu za dunia kupata joto.

KUTOKA MAFUTA HADI SAKAFU YA BAHARI

Hata hivyo, sayansi ambayo mzee Paul aliitanguliza haikusahaulika. Mwaka wa 1961 wanasayansi wa Marekani walitoboa sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Guadalupe, Mexico, penye kina cha maji cha zaidi ya mita 3,500. Kuanzia mwaka wa 1968, meli ya Glomar Challenger ilizunguka bahari za dunia ikichimba kwa ajili ya elimu tu. Mwaka wa 1972 ilifika hata katika Bahari Hindi ya magharibi, ikachimba katika Bonde la Somalia, mashariki ya pwani ya Kenya. Iliyoirithi, JOIDES Resolution, ilifanya kazi hiyo kuanzia mwaka wa 1985 hadi ilipomaliza safari yake ya mwisho ya utafiti mwaka wa 2024.

Baharini, tatizo la Pechelbronn lilijirudia kwa ukubwa zaidi. Karoti za mwamba hupandishwa, lakini mara nyingi hazifiki zote. Mchanga humwagika na mwamba uliopasuka hubaki chini. Pale karoti inapokosekana, kinachobaki ni vipimo vilivyochukuliwa ndani ya shimo. Ndiyo maana katika safari nyingi za meli hiyo, baada ya kuchimba, vyombo vyembamba vilishushwa kwa kebo kupitia ndani ya bomba la kuchimbia, lenye tundu la upana wa sentimita 10 hivi, hadi vitokeze katika shimo lililo wazi.

Lakini tarakimu zinazotoka huko haziko tayari kutumiwa. Kwanza, meli haitulii. Mawimbi huiinua na kuishusha, na kebo huvutwa pamoja nayo, hivyo chombo huweza kupanda wakati mwandishi anaamini kinashuka. Kuna mtambo wa kufidia mtikisiko huo, lakini haufuti kila kitu. Pili, kina hupimwa kuanzia sakafu ya mnara wa meli, ilhali mwanasayansi anataka kujua ni mita ngapi chini ya sakafu ya bahari. Ili kuipata sakafu hiyo, hutazamwa kipimo cha miale ya gama. Ndani ya maji miale hiyo ni michache mno, na punde chombo kinapoingia kwenye matope, huruka juu. Hapo ndipo sifuri mpya inapowekwa.

Tatu, vyombo haviwezi kushuka vyote mara moja. Hushushwa kwa makundi, na kila safari huwa na kosa lake dogo la kina. Kwa hivyo kila kundi hubeba kipimo cha miale ya gama, na michoro ya safari zote husogezwa hadi mipando yake ilingane, kama vile Pechelbronn walivyolinganisha kisima na kisima. Nne, shimo lenyewe huwa na mapango. Kuna mikono ya chuma inayokwaruza ukuta na kupima upana wake. Pale ukuta umebomoka, chombo cha kupima uzito wa mwamba huwa kinapima maji, na mtaalamu anayekagua hana budi kuweka alama kwamba kipimo hicho kisiaminiwe.

Kwa miaka mingi, kazi hii ya kusahihisha na kukagua ilifanywa na kikundi cha watafiti wa kituo cha Lamont-Doherty cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Waliandika kila marekebisho waliyofanya, wakahifadhi tarakimu ghafi pamoja na zilizosahihishwa, na kuziweka wazi ili mtaalamu wa nchi yoyote azichunguze upya. Ni kazi isiyo na sifa wala picha magazetini, lakini makosa ya mita mbili tu katika matope yaliyotuama polepole huweza kuwa makosa ya maelfu ya miaka katika historia ya hali ya hewa.

Uzito wake ulionekana mwaka wa 2012. Mwaka mmoja kabla yake, tetemeko la bahari na tsunami viliwaua maelfu ya watu nchini Japani. Wanasayansi walitaka kuufikia ufa wenyewe uliosababisha maafa hayo. Meli ya Chikyu ilichimba penye kina cha maji kinachokaribia mita 6,900. Muda haukuruhusu kukata karoti shimo zima. Shimo la kwanza lilichimbwa kwa kupima tu, na vipimo, ukinzani wa umeme ukiwa miongoni mwavyo, vilionyesha ufa uliopo takriban mita 820 chini ya sakafu ya bahari. Kisha karoti zikakatwa mahali hapo. Zikatoa udongo laini unaoteleza, na zikasaidia kueleza kwa nini sakafu ya bahari ilisonga umbali mkubwa kiasi kile na kulisukuma wimbi lililofagia pwani.

URITHI

Conrad Schlumberger hakuwahi kuiona meli ya utafiti ikitoboa bahari. Hakuona tarakilishi ikisoma kwa sekunde moja kile ambacho mkwewe alikiandika daftarini kwa siku nzima. Lakini yeyote aliyekaa naye katika chumba kile cha chini chenye hodhi la shaba angeitambua kazi hiyo mara moja. Ni kutuma swali gizani, kupokea jibu dogo, na kukataa kuliamini hadi lithibitishwe.

Nchini Kenya, jibu hilo lina maana kwa watu wa kawaida. Vipimo vya ukinzani vilitumika kuchunguza mvuke wa Olkaria katika Bonde la Ufa, mvuke ambao sasa huzalisha kawi ya taifa. Na mwananchi anayetaka kuchimba kisima hutakiwa kwanza kupata ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Kijiji kinachochanga fedha za kisima huchanga mara moja tu. Shimo likitoka kavu, hakuna wa kurejesha fedha hizo, na akina mama hurudi kutembea na mitungi kuelekea mto ulio mbali.

Ndiyo sababu tarakimu iliyoandikwa daftarini kando ya vile vyuma vinne haipaswi kuandikwa kwa kubahatisha. Mpimaji anayerudia kipimo chenye shaka, anayekilinganisha na visima vya jirani, na anayekubali kusema kwamba mahali fulani hapafai hata kama mwenye shamba amepapenda, anaitimiza ahadi iliyowekwa mwaka wa 1919 kati ya mzee mmoja wa Alsace na wanawe: ukweli kwanza, fedha baadaye.